Vimondo vya Julai na Desemba kutoka Unguja na Pemba: vumbi la nyotamkia linapimwaje bila darubini?

MwalimuWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina wanafunzi 12 wa skuli hapa Wete na tunataka kufanya kazi ya vimondo ambayo haitaishia kwenye kuhesabu tu. Nasoma kwamba kila mvua ya vimondo ni vumbi lililoachwa na nyotamkia fulani njiani, na kwamba namna kimondo kinavyowaka inaeleza vumbi hilo limeumbikaje. Vifaa ni hivi: kamera moja ya megapikseli 18 yenye lenzi ya kawaida ya 18–55, tripodi mbili, simu za mkononi. Mwenzangu yuko Michamvi, Unguja, na kamera ya aina hiyohiyo.

Maswali yangu: mvua ipi inafaa kwa latitudo yetu ya nyuzi 5 hadi 6 kusini? Tuhesabu vipi ili namba ziwe na maana? Kamera mbili kwenye visiwa viwili zinaweza kutoa nini? Na je, tukitandaza sinia juu ya dari usiku huo, tutapata vumbi lenyewe?

---

Kilimia39

Waalaykum salaam mwalimu. Nianze na kuchagua mvua, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa kaskazini na vinatupoteza.

Perseidi za Agosti 12–13 wanazisifu sana huko kwao, lakini kitovu chake, yaani pale mistari yote inapoonekana kutokea, kipo nyuzi 58 kaskazini. Wete hakivuki nyuzi 27 juu ya upeo, na hufika huko Jua likichomoza. Saa kumi na moja alfajiri utapata pengine vimondo 25 hadi 30 kwa saa kwenye kiza kizuri, na kabla ya saa nane karibu hakuna kitu. Usiwakeshe watoto kwa hiyo.

Yetu sisi ni Delta-Akwaridi za Kusini, Julai 30 na siku chache pembeni mwake. Kitovu kiko kwenye buruji ya Dalu, nyuzi 16 kusini, kwa hiyo hapa kinapanda hadi nyuzi 80, karibu na utosi, saa nane na nusu usiku. Ni kipupwe, mvua za masika zimekwisha, na mawingu ya kusi hupita kwa vipande. Usiku huohuo kuna Alfa-Kaprikonidi kutoka Jadi: chache sana, kama tano kwa saa kwa hesabu ya juu, lakini za polepole, km 23 kwa sekunde, na baadhi zinang'aa sana. Delta-Akwaridi zinakwenda km 41 kwa sekunde, kwa hiyo hata mwanafunzi mgeni atazitofautisha baada ya kuona mbili tatu. Vumbi la nyotamkia mbili katika usiku mmoja: hiyo ndiyo sababu ningeanza hapo.

Jeminidi za Desemba 13–14 ndizo nyingi kuliko zote. Kitovu kipo Jauza, nyuzi 33 kaskazini, na Unguja kinafika nyuzi 51 kiasi cha saa nane na dakika 20 usiku. Kwa kiza kizuri tarajia kama 70 kwa saa. Tatizo ni vuli: Desemba mvua haijaisha sawasawa, na Pemba hupata mvua zaidi kuliko Unguja.

Kuhusu mwezi, kalenda ya Kiislamu imeshakumalizia kazi. Kilele kikiangukia kati ya tarehe 26 na tarehe 6 au 7 ya mwezi mwandamo, endelea. Kikiangukia 12 hadi 20, acha. Mwaka 2026 Julai 29 ni mwezi mpevu, kwa hiyo Delta-Akwaridi zitafunikwa na mbalamwezi. Desemba 2026 mwezi utakuwa wa siku tano hivi na utazama karibu saa nne na nusu usiku, vizuri kabisa. Mwaka 2027 ni kinyume: Desemba mbaya, Julai nzuri mno, kwani Agosti 2 ndiyo siku Jua litakapopatwa kabisa kule Makka, na Jua halipatwi ila mwezi ukiwa gizani.

Sasa kuhesabu. Kosa la kwanza la makundi yote ni kujumlisha. Wanafunzi 12 wakisema "tumeona 90", namba hiyo haina thamani, kwa sababu kimondo kimoja kimeonwa na watu saba. Kila mtu ahesabu peke yake, aandike peke yake, asimsikilize jirani. Walaze chali juu ya majamvi, miguu kuelekea upande walioupangiwa, macho kwenye urefu wa nyuzi 50 hadi 60, pembeni ya kitovu kiasi cha nyuzi 30 au 40. Ukikodolea kitovu chenyewe utaona vistari vifupi tu.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea kiza, na skrini moja ya simu inarudisha kila mtu mwanzo. Funga tochi kwa nailoni nyekundu tabaka tatu. Simu itumike kurekodi sauti tu, skrini imezimwa: mwanafunzi anasema saa, "Delta" au "Kapri" au "mengine", na daraja la mng'ao.

Daraja (namba ikiwa ndogo, mng'ao ni mkubwa) wanalipata kwa kulinganisha na nyota. Saa nane usiku mwishoni mwa Julai mnazo Vega (0), Altair (0.8), Fumalhuti (1.2) na Akhernari (0.5). Wafundishe hizo wiki moja kabla, pamoja na nyota hafifu za daraja la 3, 4 na 5 karibu na utosi. Kujua kimondo ni cha kitovu kipi, nyosha uzi mbele ya macho juu ya mstari kilipopita na uurudishe nyuma. Uzi ukipita mbali na Dalu, andika "mengine" hata kama moyo unataka vyengine.

Gawa usiku kwa vipindi vya dakika 20. Kwa kila kipindi andikeni muda halisi wa kutazama (toa dakika za kwenda chooni), sehemu ya anga iliyofunikwa na mawingu, na daraja la nyota hafifu kabisa inayoonekana. Halafu fomula ya ZHR, yaani idadi kwa saa kama kitovu kingekuwa utosini na anga safi lenye kiza:

ZHR = N × F × r^(6.5 − lm) ÷ (T × sin h)

N ni idadi ya vimondo, T saa za kutazama, h urefu wa kitovu, lm ile nyota hafifu kabisa, F ni 1 ÷ (1 − sehemu ya mawingu), na r kwa Delta-Akwaridi chukua 2.5. Mfano: vimondo 14 kwa saa moja, lm 6.0, mawingu asilimia 5, kitovu nyuzi 65. Unapata 14 × 1.05 × 1.58 ÷ 0.906, karibu 26. Tazama nguvu ya lm: ukikosea nusu daraja tu, jibu zima linazidishwa au kugawanywa kwa 1.58. Wanafunzi wengi huandika lm ya jana yake. Ipimwe kila saa.

Na hii r ndiyo mlango wa vumbi. Maana yake ni mara ngapi vimondo vinaongezeka ukishuka daraja moja kuelekea vilivyo hafifu. Kutoka kwake unapata kielelezo cha uzito, s = 1 + 2.5 × log r. Ikiwa r ni 2.5, s inakuwa 2.0 karibu kabisa: vumbi limegawanyika sawa, uzito wa chembe ndogondogo zote unalingana na uzito wa punje kubwa zote. r ikiwa 3.0, s ni 2.19, uzito mwingi uko kwenye chembe ndogo. r ikishuka hadi 2.2, punje kubwa ndizo zinazobeba mzigo. Yaani mtoto aliyelala juu ya jamvi Wete anapima namna nyotamkia ilivyosaga vumbi lake, kwa macho matupu. Tumieni vimondo vya daraja la 3 na vinavyong'aa zaidi tu mkiwa na lm 6, kwa sababu vya 4 na 5 macho huvikosa vingi na r itatoka ndogo kwa uongo. Chini ya vimondo 60 hivi namba inayumba, kwa hiyo kusanyeni usiku tatu au nne.

---

FundiLenzi

Kilimia kamaliza ya macho, mimi niseme ya kamera.

Lenzi ya 18–55 iweke kwenye 18, f/3.5, ISO 3200, sekunde 15 kwa picha, pumziko sekunde 1. Picha mbichi, si JPEG. Hizo ni picha 225 kwa saa, karibu gigabaiti 5 na nusu, kwa hiyo kadi ya 32 inatosha saa tano na inajaa. Fokasi iwe ya mkono: kuza nyota angavu kwenye skrini mpaka iwe nukta, kisha funga pete ya fokasi na pete ya kuzuumu kwa utepe. Lenzi hizi zikielekezwa juu huteleza zenyewe usiku ukiwa mrefu, na asubuhi unakuta nyota zimekuwa sahani. Zima kitulizi cha mtikisiko. Zima pia ile kazi ya kamera ya kusafisha chembechembe za picha ndefu, kwa sababu baada ya kila picha ya sekunde 15 kamera inakaa sekunde 15 nyengine haipigi. Nusu ya usiku inapotea na hujui.

Umande ndio adui mkubwa visiwani. Chukua rezista 5 za ohm 27, za wati 2, ziunganishe sambamba, zizungushe kwenye pua ya lenzi ndani ya kitambaa. Kwa pawabanki ya volti 5 zinavuta kama ampia 0.9 na kutoa wati 4.6, kioo kinabaki juu kidogo ya joto la hewa na umande haukai. Anza kupasha kabla, usingoje ukungu. Na asubuhi usifute kioo kikavu: chumvi ya bahari imeganda juu yake, itakwaruza. Kitambaa chenye maji safi kwanza, kisha kikavu.

Lenzi hii itanasa vimondo vya daraja la 0 au 1 na vinavyong'aa zaidi. Delta-Akwaridi nyingi ni hafifu, kwa hiyo Julai kamera itapata Kaprikonidi chache na Delta mbili tatu. Kwa kamera, Jeminidi ni bora mara kumi. Hesabu ya macho Julai, kamera Desemba: mimi ningepanga hivyo.

Kamera mbili: Wete hadi Michamvi ni takriban km 120. Zote mbili zielekezwe juu ya bahari katikati, kwenye urefu wa km 95. Kutoka Wete hiyo ni dira 192, juu nyuzi 57. Kutoka Michamvi dira 12, juu nyuzi 57. Kimondo kimoja kitaonekana mahali tofauti mbele ya nyota katika picha mbili, na tofauti hiyo inatoa urefu wake.

Saa za kamera huteleza sekunde kadhaa kwa siku. Mwanzo na mwisho wa usiku piga picha ya skrini ya simu inayoonyesha sekunde, ili mjue picha ipi ya Pemba ni mwenzake na ipi ya Unguja.

---

HesabuBwejuu

Kaka FundiLenzi, yote sawa ila mwelekeo wa kamera. Ukizielekeza juu ya mstari unaounganisha visiwa viwili utaumia.

Chukua karatasi mbili. Kila picha haikupi kimondo kiko umbali gani. Inakupa bapa moja tu, karatasi inayoanzia kwenye kamera na kupita kwenye mstari wa kimondo. Njia ya kweli ni pale karatasi ya Wete na karatasi ya Michamvi zinapokatana. Karatasi zikikatana kwa pembe kubwa, mkunjo uko wazi. Zikilaliana, mkunjo haupo, unaweza kuuchora popote.

Sasa Delta-Akwaridi saa nane na nusu zinashuka karibu wima. Kimondo kinachoshuka wima juu ya mstari wa Wete–Michamvi kipo ndani ya bapa moja na kamera zote mbili. Karatasi zimelaliana. Jeminidi nazo saa nane usiku zinatoka kaskazini, karibu sawasawa na mstari wenu, tatizo lilelile. Picha zitakuwa nzuri na hesabu itatoa urefu wa km 60 au km 140 kwa kimondo kilekile.

Dawa: sogezeni shabaha pembeni, km 60 mashariki ya katikati, juu ya bahari kuu. Wete inakuwa dira 148, juu nyuzi 48. Michamvi dira 56, juu nyuzi 48. Kimondo cha wima hapo karatasi zinakatana kwa nyuzi 90 hivi. Jeminidi inayokuja sambamba na mstari wenu bado inatoa zaidi ya nyuzi 40. Na upande huo hakuna taa za mji.

Umbali kutoka kila kamera hadi shabaha ni kama km 128. Kwa lenzi ya 18 na kamera ya megapikseli 18, pikseli moja ni sekunde 49 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), sawa na mita 30 huko juu. Kosa lenu kubwa halitakuwa pikseli, litakuwa pembe za lenzi: kwenye 18 picha inapinda kingoni. Pakieni picha kwenye Astrometry.net, tovuti inayotambua nyota zilizo pichani, kupata mahali, lakini kwa kupima tumieni nyota 15 hadi 20 zilizo karibu na kimondo chenyewe, si za picha nzima. Dira ya simu msiiamini mkiwa karibu na paa la mabati. Pigeni picha ya jaribio na muone nyota ipi iko katikati.

Mkitaka na kasi, hapo mnahitaji shata ya kuzunguka. Sahani ya plastiki nyembamba, kipenyo sm 30, yenye vipande viwili vilivyokatwa, kwenye mota ya volti 12, izunguke mara 10 kwa sekunde mbele ya lenzi. Mstari wa kimondo unakatwa mara 20 kwa sekunde. Kwa km 41 kwa sekunde kila kipande na pengo lake ni kama pikseli 65, unapima kwa rula ya skrini. Nyota zitapoteza nusu ya mwanga wake, lakini vipande vya kimondo havipotezi kitu. Sahani isimame juu ya stendi yake, isiguse tripodi ya kamera, la sivyo mtetemo utazigeuza nyota kuwa minyoo. Kasi yake ipimwe kwa video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde, ukiwa umetia rangi nyeupe upande mmoja: fremu 24 kwa mzunguko ndiyo sawa. Pimeni mwanzo na mwisho, kwa sababu betri ikishuka mota inapunguza mwendo kimyakimya na kasi ya vimondo inaonekana kupanda kadiri usiku unavyokwenda.

---

FundiLenzi

Umenisahihisha vizuri, ahsante. Mwalimu, fuata nyuzi za HesabuBwejuu, zangu ziache.

Mkipata fedha baadaye, video inashinda shata: kamera ndogo ya ulinzi yenye sensa ya IMX291, lenzi ya mm 4, fremu 25 kwa sekunde, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Ndiyo vifaa vya Global Meteor Network, mtandao wa kamera za vimondo duniani. Weka betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika.

---

MkaaPwani

Langu fupi. Usiku wa kiza ndio usiku wa bamvua. Mkifika pwani saa mbili usiku mtakuta imekupwa hadi mbali, mchanga mkavu unavutia kutandika. Siku mbili tatu kabla ya mwandamo maji yanajaa kati ya saa saba na saa kumi usiku, na mwandamo wenyewe karibu saa kumi, na yanapanda mita nne hivi. Tripodi iwe juu ya mstari wa mwani mkavu, si chini yake.

Kiza pia ndio msimu wa wavuvi wa dagaa, na taa zao ni kali kuliko za hoteli. Hazitaharibu nyuzi 48 juu, lakini mwanga unaingia lenzi kwa ubavu. Kila lenzi iwe na kofia yake, au kipande cha boksi jeusi.

Na sheha ajulishwe mapema. Watoto 12 pwani usiku, na mtu kashika kitu kinachozunguka na kuvuma, si jambo la kueleza papo kwa papo.

---

PunjeNdogo

Nimesubiri wamalize vifaa ili nijibu lile la vumbi lenyewe na lile la sinia.

Sinia kwanza: hapana, mwalimu. Punje za Delta-Akwaridi na Jeminidi zinageuka mvuke kati ya km 80 na 100 juu. Hakuna jiwe hata moja lililothibitishwa kuanguka kutoka mvua ya vimondo. (Kimondo cha Mbozi ambacho wanafunzi wote wanakijua ni chuma kitupu, asili yake ni asteroidi, yaani mwamba unaozunguka Jua, kisichanganywe na haya.) Vumbi la angani linalofika ardhini likiwa zima lipo, vishanga vya sehemu ndogo ya milimita, na Jon Larsen wa Norwei pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba hata juu ya mapaa ya mijini vinapatikana. Lakini huanguka mwaka mzima, havifuati tarehe ya mvua yoyote. Na kwenye mabati yetu sumaku itakusanya kutu na cheche za wachomeleaji, ambazo nazo ni mviringo na zinang'aa. Bila hadubini nzuri mtajidanganya.

Vumbi mtalisoma kwa njia tatu, na zote mnazo au mnakaribia kuwa nazo.

Ya kwanza ni urefu ambako kimondo kinaanza kuonekana. Punje dhaifu inavunjika mapema, kwenye hewa nyembamba zaidi. Lakini punje yenye kasi nayo huwaka mapema, kwa hiyo kabla ya kusema "hii ni laini" ondoa kwanza athari ya kasi. Perseidi huanza juu ya km 110, na hilo si ajabu kwa km 59 kwa sekunde. Ajabu ni Drakonidi za nyotamkia Giacobini-Zinner: zinakuja kwa km 20 tu kwa sekunde na bado zinaanza karibu na km 100, sawa na Jeminidi zenye km 35. Maana yake ni vumbi laini lenye matundu mengi, msongamano wake chini sana ya maji. Mtaalamu wa vimondo Zdeněk Ceplecha aliweka hili kwenye kipimo kimoja kinachochanganya uzito wa hewa mahali kimondo kilipoanza, kasi yake na mteremko wake. Wanafunzi wenu wakiwa na urefu na kasi wanaweza kukokotoa wenyewe.

Ya pili ni umbo la mwanga. Pima mng'ao kipande kwa kipande kwenye mstari uliokatwa na shata. Punje ngumu inaongezeka mwanga taratibu na kufika kileleni karibu na mwisho, kisha inazima ghafla. Donge la chembechembe zilizoshikana kwa shida linavunjika mapema, na mwanga wake unapanda na kushuka kwa usawa. Jeminidi huelekea aina ya kwanza. Mzazi wake ni 3200 Phaethon, iliyogunduliwa mwaka 1983, nayo inaitwa asteroidi. Inapita kwenye 0.14 ya umbali wa Dunia na Jua, mahali ambapo uso wake unafika nyuzijoto mia saba na zaidi. Vumbi lililookwa namna hiyo linabanana.

Ya tatu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni sodiamu. Nunueni karatasi ya plastiki ya gretingi, inayotenganisha rangi za mwanga, yenye mistari 500 kwa kila milimita, mkate kipande kizidi upana wa lenzi, mkibandike mbele bila mikunjo. Kimondo angavu kama Mshtarii au zaidi kitaacha mstari wake na pembeni mwake rangi zilizotengana. Magnesiamu ni kijani, nanomita 518. Sodiamu ni manjano, 589. Kwa lenzi ya 18 vinaachana kama pikseli 155, havichanganyiki. Geuza gretingi ili rangi zitawanyike kukatisha njia ya vimondo. Kimondo kikikimbia kuelekea upande uleule wa mtawanyiko, rangi zote zinapakana na huwezi kusoma kitu. Mtapoteza vingi. Usiku mzima unaweza kutoa spektra moja (picha moja ya rangi zilizotengana), na moja inatosha kazi ya muhula.

Kwa nini sodiamu? Kwa sababu ndiyo inayokimbia kwanza punje ikipashwa na Jua. Delta-Akwaridi zinahusishwa na 96P/Machholz, ambayo inapita kwenye 0.12 ya umbali wetu na Jua, na vimondo vyake vimekutwa na sodiamu kidogo mno au hamna kabisa. Kaprikonidi zinatoka kwa 169P/NEAT, ambayo haisogei karibu kuliko 0.6 hivi. Ndiyo maana Kilimia kasema nyotamkia mbili usiku mmoja. Angalizo moja tu: vimondo vya polepole hutoa mstari wa sodiamu wenye nguvu hata vikiwa na kiasi cha kawaida, kwa sababu joto lao ni dogo na sodiamu inahitaji joto dogo kuwaka. Kwa hiyo msilinganishe Kapri na Delta moja kwa moja mkasema hii ina sodiamu mara kumi. Linganisheni Jeminidi kwa Jeminidi: zote zina kasi moja, na bado nyengine zina manjano na nyengine hazina. Tofauti hiyo ni ya punje zenyewe.

Na msiwafundishe watoto kwamba vumbi la nyotamkia ni barafu na masizi basi. Chombo cha Stardust kilipita kwenye nyotamkia Wild 2 tarehe 2 Januari 2004, kikanasa vumbi lake, na kulirudisha duniani Januari 2006. Ndani yake zilikutwa madini kama olivini, na hata vipande vilivyoundwa kwenye joto kali karibu na Jua changa, vikasafirishwa hadi kwenye baridi kule nje kabla nyotamkia haijaumbika. Kitu kimoja kina cha motoni na cha barafuni.

---

MwalimuWete

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Swali la mwisho: Eta-Akwaridi za Mei 5–6 ni vumbi la Halley, na kitovu kipo karibu na ikweta. Masika yanatuzuia kabisa?

---

Kilimia39

Kwa macho, mara nyingi ndiyo. Kitovu kinachomoza karibu saa nane usiku na saa kumi na moja kiko nyuzi 45, mnapata saa tatu tu, na mwezi Mei anga hizo huwa zimefunga. Mei 2027 mwezi utakuwa gizani kabisa tarehe 6, kwa hiyo laleni na majamvi tayari; wingu likipasuka kwa nusu saa, tokeni.

Wingu lisipopasuka kuna redio. Tafuta masafa ya FM ambayo mchana hayana kituo chochote hapo Wete, lakini yanatumiwa na mtambo ulio mbali, km 600 hadi 1,500. Njia ya kimondo inaacha hewa yenye chaji, inaakisi mawimbi hayo, nawe unasikia muziki au sauti ya mtu kwa nusu sekunde kisha kimya. Antena ni waya mbili za shaba kwa mstari mmoja, urefu wote kwa mita ni 143 ÷ megahezi. Kwa 95 ni mita 1.50, yaani sm 75 kila upande. Zielekeze ubavu wake kule mtambo uliko.

Redio haichagui kitovu, kwa hiyo hesabuni tangu Aprili 28 saa zilezile, saa nane hadi saa kumi na mbili asubuhi, mjue kawaida ya siku zisizo na mvua ya vimondo. Radi nazo husikika, lakini ni mkwaruzo kwenye masafa yote. Kimondo ni kituo chenyewe kinachojitokeza. Badilisheni masafa kidogo: ukisikia kitu kilekile pembeni, futa, ni radi.